Nilivyolala Katikati ya Shikamoo

Mimi nimewahi kulala katikati ya shikamoo. Sisemi kabla ya shikamoo, wala baada. Katikati. Nimefika Mtae kwa wakwe zangu, nimeinama vizuri kama mkwe anavyotakiwa, macho chini, kofia mkononi, nikasema "Shika..." Basi. Ile "moo" ikabaki kooni. Mama mkwe kasimama mlangoni anangoja nimalize aitikie marahaba, mkwe mwenyewe keshaegemea nguzo ya baraza, anakoroma.

Na ujue Mtae ni wapi. Mtae ni mwisho wa dunia, ukizidisha hatua moja unaanguka. Kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima kama kuku juu ya ukuta, na chini kule tambarare inakwenda mpaka Kenya. Mtu wa Mtae akipiga chafya, Mkenya anafungua mwavuli. Sasa nilivyokoroma mimi siku ile pale barazani, sijui huko chini walifungua nini.

Kwetu milimani shikamoo si mchezo. Mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo, kesi inafika nyumbani kabla yake. Na mkwe mbele ya mama mkwe ndio kabisa: humtazami usoni, huingii chumbani kwake, utani hakuna, hata sahani zenu zinaogopana. Mimi nikamlalia.

Lakini nianzie nyuma kidogo, maana usingizi ule haukuanzia Mtae.

Ilikuwa ile miaka biashara zimeachiwa, kila kitu ruksa. Zamani lori lilikuwa la ushirika au la serikali, na mtu binafsi mwenye lori watu walikuwa wanakwenda kumtazama kama wanavyokwenda kutazama twiga. Mara paap, malori ya mtumba kutoka Japani yakaanza kupanda mlima kama siafu. Milangoni yameandikwa maandishi ya kwao, hakuna anayejua yanasema nini. La kwetu mimi niliwaambia watu limeandikwa jina langu. Nani angebisha?

Lori lenyewe lilikuwa Fuso, mali ya tajiri mmoja wa pale Lushoto, mimi dereva. Kazi yetu kupakia kabichi, karoti na viazi Mlalo, tunateremka Lushoto, Soni, Mombo, halafu lami mpaka Dar, sokoni kabla watu hawajapiga mswaki. Darasani mimi sikuingia hata siku moja, baba aliona mbuzi wananihitaji zaidi. Lakini usukani nimeusoma mpaka ukaisha. Kona za Soni kwenda Mombo nazijua kama meno yangu, na mashimo yake kama mapengo yangu. Kwa hiyo nikisema niliogopa kunyang'anywa usukani, nielewe. Wengine wakinyang'anywa kazi wanabaki na cheti. Mimi ningebaki na mbuzi, na hao mbuzi wenyewe walishakufa.

Sasa hela ya barabarani inakuja na chakula cha barabarani. Segera chipsi, Chalinze nyama, Kibaha nyama ya kuagia ile ya Chalinze. Nikanenepa. Shati likaanza kugombana na vifungo. Nikipita sokoni kitambi kinafika asubuhi, mimi nafika mchana. Watu wanashangilia, "Mghosi, mambo yako safi!" Mghosi ni mwanaume kwa Kishambaa, mwanaume wa heshima, nami nikawa naitika kwa tumbo.

Na kukoroma kukaja. Nilikuwa nakoroma kama Fuso inapanda Soni na tani kumi, gia ya kwanza. Sitii chumvi. Jirani yetu siku moja alitoka ndani na magunia mawili ya kabichi, kayaweka mlangoni kwetu, akijua lori la mnunuzi limefika. Kuku waliacha kutaga. Mke wangu alihamia chumba cha watoto, watoto wakahamia kwa bibi yao mzaa baba, bibi akahamia upande wa pili wa nyumba yake. Mimi najisifu: mwanaume kashiba, mwanaume kakoroma.

Ila kitu kimoja sikumwambia mtu. Pamoja na kukoroma kote kule, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kichwa kinaniuma asubuhi kama kimebeba gunia. Halafu mchana nasinzia popote. Nimesinzia na tonge mkononi. Nimesinzia kwa kinyozi, akaninyoa nusu akaniacha, akisema ataendelea nikifufuka. Msikitini, tumesujudu, wenzangu wakainuka, mimi nikabaki chini pale pale. Watu wakanong'ona, "Tazama Mghosi, siku hizi kawa mcha Mungu, sijda yake ndefu." Sikuwakatalia. Nilijifuta mate nikatoka kwa unyenyekevu.

Barabarani nilikuwa natafuna pilipili mbichi, moja kila kona. Kati ya Lushoto na Mombo kona hazina idadi, we fikiria tumbo langu.

Siku moja alasiri tumeshapita Soni tunateremka, lori limejaa kabichi mpaka juu. Mke wangu kakaa pembeni yangu, alikuwa anashuka na matenga yake ya plamu kwenda kuuza Mombo. Pilipili ya mwisho nimeshaimeza. Nakumbuka kona moja. Kona iliyofuata siikumbuki. Ninachokumbuka ni kofi, kofi la mke mwenye matenga manne ya plamu, na mkono wake umeshika usukani anauvutia upande wa mlima. Fuso likaubusu mlima, likakohoa, likazima. Upande wa pili korongo, na mto kule chini mdogo kama uzi. Kabichi zikaporomoka barabarani zikaanza kuteremka zenyewe kwenda Mombo bila dereva, na kwa kweli zilikuwa zinakata kona vizuri kuliko mimi.

Hatukuumia hata kidole. Watu wakajaa. Tajiri akaja na pikipiki.

"Imekuwaje, Mghosi?"

"Breki, bosi," nikasema. "Zimekataa."

Tajiri akaita fundi, breki zikafunguliwa zote, hazina kasoro. Akasema labda fundi hajui, akaita wa Korogwe. Breki nzima. Akanunua mpya. Mimi nimesimama pembeni natikisa kichwa kama mtu anayesikitikia breki.

Tulipobaki wawili, mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, ni breki gani zinazokoroma?"

Nikapapasa mfukoni kama natafuta pilipili.

"Mimi kwenye lori hilo sipandi tena. Na wewe hupandi mpaka tujue unaumwa nini."

Nikamwambia siumwi, nimerogwa. Kitambi kile, lori lile, lazima kuna mtu kaona wivu. Nikaenda kwa mganga. Akanikalisha kwenye ngozi, akanifunika shuka, akaanza kuimba taratibu. Unamwimbia mtu wa aina yangu taratibu, chini ya shuka? Sikufika ubeti wa pili. Nilipoanza kunguruma, mganga akaruka, "Kapanda! Kapanda! Jitaje jina!" Jini likaendelea kukoroma. Akalibembeleza, akaliahidi kuku mweusi, akalitisha kwa mkia wa nyumbu. Nikaamka mwenyewe njaa iliponishika. Mganga ametota jasho, ananiambia jini langu ni kiziwi.

Ndipo mke wangu akasema, twende Mtae kwa mama. Mama yake ni mkunga wa jadi, kapokea nusu ya Mtae ile unayoiona. Tukaenda, na ndiyo siku ile nilipokata shikamoo vipande viwili.

Ilikuwa aibu, bwana. Wazee wa upande wa mke walianza kusema habari za mbuzi wa kuomba radhi. Mama mkwe akawanyamazisha kwa mkono. Hakukasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Halafu akamwambia mke wangu kwa Kishambaa, na mke wangu ndiye aliyenisimulia baadaye:

"Mwanangu, mumeo halali."

"Mama, halali vipi na huyo anakoroma?"

"Anakufa na kurudi. Sikiliza. Kafa huyo. Haya, karudi. Mtoto mchanga akitoka, mimi kitu cha kwanza nasikiliza pumzi. Ya huyu inakatika."

Akataka ahakikishe. Lakini angefanyaje? Mama mkwe haingii anapolala mkwe, hilo halipo, hata mkwe awe anakata roho. Basi kesho yake mchana nikalazwa chumba cha wageni, mlango ukafungwa, mama mkwe akaweka kigoda upande wa pili wa ukuta wa udongo, sikio ukutani, tasbihi mkononi. Mimi nikikoroma, yeye katulia. Pumzi ikikatika, anaanza kusukuma shanga moja moja kwa kidole, mpaka nikishtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa mtoni. Mara shanga kumi. Mara ishirini. Mara moja akafika ile shanga ndefu inayogawa, yaani thelathini na tatu, na mke wangu keshaanza kulia. Kijiweni huwa nawaambia watu alizimaliza zote tisini na tisa akaanza upya, lakini hapa niseme kweli, maana mama mkwe yu hai.

Nilipoamka, hukumu ikaja kupitia ukutani. "Mwambie mumeo hili si la mganga, wala si langu. Ni la hospitali. Na akiendesha lori kabla hajapona, huyo mbuzi wa radhi namtaka, na wa matanga vilevile."

Hofu yangu sasa ikawa moja. Nikienda hospitali wataandika, kikiandikwa kitasomwa, kikisomwa kitamfikia tajiri, na usukani kwaheri. Njia nzima kutoka Mtae nilikuwa naomba gari liharibike. Siku hiyo ndiyo halikuharibika.

Hospitali ya misheni tulimkuta daktari kijana, miwani, mpole. "Shikamoo mzee," akanisalimia. "Marahaba," nikaitikia, na wakati anatafuta kalamu nikasinzia. Nafikiri hapo ndipo alipokwisha kuujua ugonjwa, mengine aliuliza kwa adabu tu.

"Mzee, unaamka umechoka?"

"Nimechoka."

"Kichwa kinauma asubuhi? Usiku unaamka mara nyingi kwenda haja ndogo? Una hasira za karibu?"

"Daktari," nikasema, "sema ukweli, mke wangu alikuja kabla yangu?"

Akanipima shingo kwa futi ya fundi cherehani. Mimi nikashukuru, nikajua angalau nashonewa suti. Akanimulika kooni kwa tochi. "Ulimi mkubwa, njia nyembamba," akasema. Mke wangu akadakia, "Huo ulimi mjini wanaujua."

Kipimo chenyewe ni cha kulala. Akasema nije kulala usiku. Nikamwambia mwanangu, usiku mimi niko kazini, mchana ndio usiku wangu. Akacheka, akanipa kitanda saa sita mchana. Kidoleni akanibana kidude kama kibanio cha nguo, kina waya na namba zinawaka, akasema kinasoma hewa ndani ya damu. Nesi akakaa na daftari na saa. Kitanda cha jirani alikuwepo bwana mmoja kavunjika mguu. Nilipoamka kitanda kitupu. Naambiwa aliomba ruhusa akaondoka na mguu wake vile vile.

Daktari akaja na lile daftari. "Tazama, mzee. Hapa hewa imeshuka. Hapa imeshuka tena. Kila pumzi inapokatika, inashuka."

"Kama geji ya mafuta mlimani," nikasema.

"Hivyo hivyo. Ukilala, koo linalegea, nyama inaziba njia. Kama mpira laini wa maji, ukiuvuta unajibana. Hewa haipiti. Ubongo unashtuka, unakuamsha uvute, unalala tena, linaziba tena. Usiku mzima. Huna habari, lakini wewe kulala kwenyewe hujalala, sijui miaka mingapi."

"Kwa hiyo sijarogwa?"

"Hujarogwa."

"Wala si uvivu? Wala si uzee?"

"Ni koo, mzee. Tena lina dawa."

Mtu mzima mimi, kitambi kile, nililia. Nikalia na kucheka pamoja mpaka kile kibanio kikaruka kidoleni. Kumbe siku zote nilikuwa namficha mwizi ambaye jina lake ni koo! Nilijiona mwepesi, nusura nirudi nyumbani nikielea.

Ila dawa ilikuwa na masharti. La kwanza, kitambi kishuke. La pili, nisilale chali, nilale ubavu. La tatu, lori nisiguse mpaka yeye aseme. Na akaniambia taratibu, "Tajiri wako mwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia. Lakini zile kona, mzee, hata mimi mama yangu anazipanda."

Nikaenda dukani kwa tajiri. Nikamweleza yote, koo, kibanio, shanga za mama mkwe. Nikafika kwenye breki. Akaacha kupima sukari.

"Ngoja, Mghosi. Breki hazikuwa na kitu?"

"Hazikuwa na kitu."

"Mafundi wawili? Breki mpya? Mimi nimenunua breki kwa ajili ya koo lako?"

"Ndiyo, bosi."

Alinitazama muda mrefu, ningekuwa na tasbihi ningehesabu shanga. "Usukani nampa mtu mwingine," akasema. "Kwa sasa. Ukipona, uje nikuone na macho yangu." Ilikuwa nusu habari mbaya, nusu nzuri. Nikabeba ile nusu nzuri nikaondoka nayo kabla hajabadili mawazo.

Mke wangu akashika kazi ya daktari. Shati la kulalia akalishonea mfuko mgongoni, ndani akaweka kiazi, kiazi mviringo cha Mlalo, kigumu. Nikigeuka chali, kiazi kinanisukuma ubavu. Usiku wa kwanza nilipigana na kiazi kile kama chui. Kilikaa mgongoni mwangu mpaka kikachipua, tukakipanda, na mwaka ule tulivuna magunia kumi ya viazi visivyokoroma. Chakula cha jioni kikawa mboga za majani na maharage kidogo. Na kwa vile lori sina, nikawa natembea. Milima yetu, ukitembea kwenda kumsalimia jirani tu unashuka kilo. Suruali ikaanza kunitoroka.

Nilipata nafuu, lakini si yote. Daktari akasema iko mashine ya kupuliza hewa koo lisizibe, ila nchini ni za kutafuta kwa tochi. Akamwandikia mwenzake aliyesoma naye huko ng'ambo. Tukasahau. Baada ya mavuno mawili likaja boksi. Mashine ya mtumba! Nilishavaa koti la mtumba, viatu vya mtumba, nimeendesha lori la mtumba, sasa na pumzi nayo mtumba. Ina ukubwa wa redio kaseti, ina bomba refu, na mwishoni kitu cha kufunika pua chenye mikanda. Umeme kwetu haukuwepo, daktari akatuonyesha inavyokula betri ya gari, na betri kuukuu ya Fuso ndicho kitu pekee ambacho nyumba ya dereva haikosi. Nilipoivaa mara ya kwanza mke wangu alikaa chini kwa kicheko. "Nimeolewa na tembo!" Mimi nilimwelewa daktari mara moja: ni tabo, yaani turbo ya lori. Injini inasukumiwa hewa, inapanda mlima bila kukohoa.

Nikalala.

Sijui niseme vipi. Nililala kama jiwe lililo chini ya mto. Alfajiri naamka, mke wangu ananitikisa mabega, kanga ya kichwani imemdondoka. Nyumba ilikuwa kimya mno, akajua nimekufa. Na nje jirani wa kabichi anabisha hodi kwa sauti ya msiba, anauliza, "Jamani, kwema? Mbona hatumsikii?" Nikatoka mwenyewe kumfungulia. Kichwa hakiumi. Milima yote nikaiona iko pale pale, sijui ilikuwa imejificha wapi miaka ile. "Hongea," nikamwambia jirani, asante. Akatazama alama za mikanda usoni mwangu akarudi kwake kinyumenyume.

Daktari akanipima tena, akaliangalia daftari, akaniandikia karatasi. Sikujua kuisoma, lakini nilivyoibeba ungesema ni mtoto mchanga. Tajiri akaisoma mara mbili. "Karatasi nimeiona," akasema. "Sasa macho yangu." Akapanda kebini pembeni yangu, mkono mmoja kashika mlango ili aruke mapema. Mchana, lori limejaa kabichi. Tukatoka Lushoto, kona ya kwanza, ya pili, anatazama macho yangu badala ya barabara. Tukapita Soni. Kwenye ile kona ya korongo nikapunguza gia, nikaikata taratibu, sijatafuna pilipili hata moja. Nikageuka nimwambie kitu. Tajiri kalala. Kichwa kimegonga kioo, mdomo wazi, mkono wa mlangoni umeanguka. Nikateremsha lori Mombo polepole nisimwamshe.

Alipoamka akajifuta mdomo, akaona tuko chini kwenye lami. "Endelea na safari," akasema, na akashuka kutafuta gari la kumrudisha.

Jumatatu yake tukaenda Mtae. Mama mkwe katoka mlangoni, tasbihi mkononi. Nikavua kofia, nikainama, macho chini. "Shikamoo, mama." Nzima, haina hata mkwaruzo.

 Nikasikia shanga moja imesukumwa.

"Marahaba," akasema. Halafu akamgeukia mke wangu, maana mimi hawezi kunitania. "Muulize mumeo, na ile ya siku ile? Mimi nilipokea nusu."

Nikainama tena, macho chini, nikasema, "Moo."